Harufu ya Dawa ya Kupe

Laiti ningemkatalia mjomba siku ile. Leo nimepita karibu na duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe imenirudisha kwenye shamba letu dogo kule Rapsu.

Nyegere alikuwa akichimba chini ya banda na kula kuku wetu. Mama alizika mawe na miiba kuzunguka ukuta. "Akichoka kuchimba ataenda mwenyewe," alisema. "Na yeye ni mama, nimeona nyayo za mtoto wake."

Mjomba alicheka. "Dada yangu anamhurumia mwizi. Na wewe, ni mwanamume ama ni kuku?" Akanipa matumbo ya mbuzi yaliyoloweshwa dawa ya kupe, nami nikayaweka kando ya banda.

Yaliliwa na mbwa wetu, aliyelinda mbuzi tangu baba afariki. Tulimkuta mlangoni, povu mdomoni.

Mama alishika mikono yangu, akainusa. Jioni nilimpelekea maziwa kama kawaida. Akayamwaga chini, yeye ambaye hakuwahi kumwaga hata tone. Hadi anafariki hakupokea tena maziwa mkononi mwangu, na baraka yake sikuipata.