Wifi Shigeno na Chura Ambaye Hakumchora

Siku hizi wakija watu kumhoji wifi yangu Shigeno, mtunzi na mchoraji wa vitabu vya watoto, huwaambia kwamba hadithi zilimjia zenyewe, kama mvua. Mimi huwamiminia chai na kunyamaza. Lakini mimi ni dada wa mumewe. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta tangu alipoolewa, na kuta za nyumba za kupanga za Osaka miaka ile, vita vikiwa vimekwisha si zamani, hazikuzuia hata chafya. Kile kitabu chake kinachosifiwa hakikuletwa na mvua. Kililetwa na wivu.

Wakati huo hakuwa na kitabu hata kimoja. Alichora hadithi za mitaani juu ya makaratasi magumu, na kaka yangu Torakichi aliyapakia kwenye sanduku la mbao nyuma ya baiskeli. Akifika uwanja wa hekalu aligonganisha vibao viwili, kwa-kwa-kwa, watoto wakatoka kila kichochoro kama siafu. Aliwauzia shira ya kusokota kwenye vijiti, kisha akafungua vijilango vya sanduku na kuchomoa picha moja baada ya nyingine. Maneno ya hadithi wifi aliyaandika nyuma ya makaratasi, msimuliaji asome huku watoto wakitazama mbele. Rangi alipaka yeye. Nta ya kuzuia mvua nilipaka mimi. Kwa hiyo msinifikirie mtu wa kando.

Hadithi ya mwaka ule ilikuwa ya Oyuki, binti anayevuka milima kumtafuta mama yake, kila siku kipande. Ilijaa huzuni, maana wifi aliamini kwamba mtoto asiyelia hajasikia hadithi.

Siku moja tunafua bombani, wakapita watoto wawili wa jirani wakirukaruka. Mmoja akavimbisha mashavu: "Guwaa! Tasuke ana njaa! Guwaa!" Mwenzake akacheka mpaka akakaa chini.

"Nyie, Tasuke ndiye nani?" wifi akauliza.

"Chura!"

"Chura gani?"

"Chura wa kwenye hadithi, mama. Humjui? Mbona kila mtu anamjua!"

Wakakimbia. Wifi akabaki kasimama na shuka mkononi, maji yanamtiririkia miguuni.

"Wifi," akaniambia, "kuna mtu mwingine anachora hadithi mtaa huu. Anachora chura."

"Labda."

"Labda nini? Umesikia mtoto hata mmoja akimtaja Oyuki wangu?"

Nikajishughulisha na soksi. Chura yule nilimjua vizuri. Kaka alinitungia mimi, nilipokuwa mdogo na chakula hakuna, ili nisahau tumbo nilale. Alikuwa wangu kabla hajawa wa mtu mwingine yeyote, na sikufurahi kumsikia vinywani mwa watoto wa watu.

Tangu siku ile amani ikahama kule upande wa pili wa ukuta.

"Ni nani huyo mchoraji wa chura?"

"Sijui."

"Unazunguka mitaa yote na baiskeli, usimjue? Ni mwanamke, eti?"

"Mke wangu, nimechoka."

"Kwangu mimi umechoka tu! Huko nje unachekesha mji mzima, ukivuka kizingiti hiki unageuka gogo."

Hapo hakumsingizia. Kaka nyumbani alikuwa bubu. Maneno yote aliyamaliza hekaluni, akaja kula wali na kulala.

Wifi akaanza kushindana na mtu asiyekuwepo. Oyuki akawekewa majambazi, akawekewa moto, akawekewa kundi la mbwa mwitu katika theluji, kila unyoya umechorwa peke yake. Aliniletea nipake nta huku macho yamemwiva.

"Tazama mbwa mwitu hawa, wifi. Huyo mtu wa chura anaweza hivi?"

"Hawezi," nikamjibu, na sikusema uongo.

Watoto wakazidi kulia guwaa. Mwishowe wifi akanishika mkono tukaenda hekaluni, tukajibanza nyuma ya nguzo ya taa ya mawe. Kaka akachomoa picha: Oyuki analia darajani. Akasoma maneno ya mkewe, tena akayasoma vizuri, "Mama, uko wapi?", na watoto wakaanza kuvuta kamasi. Mara ikatoka sauti nene kama ya mtu aliyemeza ndoo:

"Guwaa! Oyuki, acha kulia, unanilowesha!"

Uwanja ukalipuka kwa vicheko. "Yuko wapi? Tasuke yuko wapi?"

"Yumo ndani ya mkono wa kimono, hamwoni ulivyotuna?" akasema kaka. Na kweli, wifi alimchorea Oyuki mikono mipana kama magunia.

Wifi hakupiga kelele. Uso ulimgeuka mweupe kama tofu ya soya. "Kumbe ni mume wangu," akanong'ona. "Na mimi siku zote hizi namtafuta mwanamke."

Nyumbani hakugomba. Alichora. Kesho yake kaka, ambaye hakuwa na tabia ya kutazama picha kabla, akachomoa moja: Oyuki anafua mtoni, ndoo kando yake, mikono ya kimono imefungwa kwa kamba hadi kwapani, kama tunavyofunga sote tukiwa kazini. Mikono mitupu. Hata kiroboto hana pa kujificha.

"Tasuke yuko wapi?" watoto wakapiga kelele. "Ametupwa!"

Kaka akazunguka mbele ya sanduku kutazama. "Guwaa! Nimo ndani ya ndoo!"

Siku iliyofuata ndoo ilichorwa imepinduliwa. Chura akasema ameshuka mtoni kuoga. Mara ile iliyofuata mto ukaganda barafu. Watoto wakaja wengi kuliko zamani, wanataka kujua leo chura atakimbilia wapi, na nyumbani wale wawili wanakula wali na figili ya kachumbari, hakuna anayetaja neno.

Wifi alipoona hashindi, akasema moyoni: nitamchora mwenyewe, awe wangu. Akamchora chura mzuri, mnene, juu ya jani.

"Siye huyu!" watoto wakapinga. "Tasuke ni mkubwa zaidi!" "Tasuke ana jino moja!" "Tasuke ana kofia!" Kila mmoja alikuwa na wake.

"Tulieni," kaka akasema. "Huyu ni binamu yake, kaja kusalimia."

Alimwokoa mkewe mbele ya watu, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Kisha televisheni ikaingia majumbani na watoto wakaingia nayo. Kaka akapata kibarua ghalani. Siku moja mtu wa kampuni ya vitabu akabisha hodi: alikuwa ameziona picha za Oyuki, anataka kitabu. Wifi akajifungia na rangi zake majira yote ya baridi. Kitabu kilipotoka, juu ya jalada paliandikwa: hadithi na picha, Shigeno. Basi.

"Na kaka yangu je?" nikamuuliza.

"Kaka yako alichora nini?"

"Chura je, wifi?"

"Nionyeshe huyo chura."

Nikafungua. Kweli, chura hakuwemo. Palikuwa na mkono wa kimono umetuna, na kando yake nafasi nyeupe, haina neno. Kila ukurasa vivyo hivyo.

"Hapa umesahau maneno."

"Sijasahau. Kila mama atakayesoma atasema lake."

Wageni wake huliita jambo hilo ubunifu. Mimi nilimwelewa palepale. Chura akishindwa kuwa wake, heri awe wa akina mama wote wa Japani kuliko kuwa wa Torakichi peke yake.

Jioni nikamsikia kaka ng'ambo ya ukuta: akarudi, akanawa, akaketi. Wifi akaweka kitabu kando ya bakuli lake. Kaka akaanza kukisoma kwa sauti, kavu tu, mpaka pale Oyuki analia darajani. Akageuza kitabu kutazama nyuma yake.

"Hapa hapana kitu," akasema.

"Sema."

"Niseme nini?"

"Miaka yote umewasemea watoto wa watu, Torakichi. Mimi hujanisemea hata neno moja. Sema."

Upande wangu nilikuwa nimeshika upawa wa supu, siwezi kuchota. Kisha ikapenya ukuta ile sauti nene:

"Guwaa. Shigeno, supu inapoa, na mimi humu ndani nina njaa."

Wifi akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile, kabla ya hapo wala baadaye. Alicheka mpaka akakohoa, akagonga meza: "Tena! Fungua ukurasa unaofuata!" Na kaka yangu, yule gogo, akafungua unaofuata, na unaofuata, chura anapayuka, mwanamke anacheka.

Nikaongeza sauti ya redio.