Likizo Niliyoibania

Acha nianze na aibu yenyewe, tumalizane nayo: mimi, nesi wa wodi ya wazazi, uchungu ulinishika kazini na nikakataa kwamba ni uchungu. Mgonjwa ndiye alinistukia. Alikuwa mama mwenye uchungu wake mwenyewe, nampima presha, mara nikashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Nesi, na wewe?"

"Ni katogo niliyokula asubuhi," nikamwambia. "Ndizi kidogo, maharage mengi."

"Maharage gani yanakuja yanaondoka, yanakuja yanaondoka? Nyabo, mama, panda hapa, nitasogea."

Wodi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, mpaka maji yakamwagikia viatu vyangu vyeupe, mzaha ukaishia hapo.

Sasa ubishi ulitoka wapi? Shule niliishia Senior Four, nikabandika cheti cha unesi juu yake, basi, na hesabu haijawahi kunipenda. Lakini hii moja niliielewa: likizo ya uzazi hairefuki. Siku unayokaa nyumbani na tumbo, umemnyima mtoto.

Mtoto wangu wa kwanza ndiye alinifundisha. Wakati ule nilianza likizo mapema, miguu imevimba, nikalala nikila ndizi za gonja kama bibi harusi. Alipozaliwa, siku zilikuwa zimebaki kidogo. Nikarudi kazini shingo yake bado haijakaza, nikamwacha kwa mama yangu, Old Kampala, nyumba ambayo tunaishi wote mpaka leo. Naondoka amelala, narudi amelala. Alipoanza kusema, mtoto alimwita mama yangu Mama. Mimi akaniita Nesi, kama majirani wanavyoniita.

Hiyo huwa naisimulia kama kichekesho, watu wanashika mbavu. Lakini siku ya kwanza nilipoisikia niliingia jikoni nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Basi mimba ya pili nikasema, hapana, hizi siku nazibania. Sista, mkubwa wetu pale kliniki ya Kyebando, akiniuliza, "Wewe, likizo lini?" namjibu, "Bado, Sista, huyu bado amelala." Halafu natembea wodini kama askari wa gwaride, ili asione ninavyochechemea. Kina mama wengine nilikuwa nawafokea wakapumzike.

Ndiyo maana Sista, aliponizalisha yeye mwenyewe siku ile, aliniwekea mtoto kifuani akasema, "Haya, aliyelala ameamka."

Likizo nikaipata nzima, na sikumpa mtu mtoto. Mama yangu akinyoosha mikono, namwambia, "Ngoja kidogo, mama." Hiyo ngoja kidogo ilichukua likizo yote. Yule wa kwanza alikuwa anasimama mlangoni anatuangalia. Siku moja akauliza, "Nesi, huyo ni wako?"

"Ni wetu," nikasema. Akaenda zake kucheza.

Asubuhi ya kurudi kazini, mdogo alimlilia mama yangu usoni kana kwamba amekabidhiwa kwa mwizi. Atamjuaje, na mimi sikuruhusu hata amwogeshe? Kilio kilinifuata mpaka kwenye boda. Mwenye boda akaniuliza kama tugeuze. Nikamwambia twende, lakini shingo yangu ilikuwa bado imegeukia nyumbani.

Wakati wa chai nikamsimulia yote rafiki yangu, nesi mwenzangu wa zamu, kilio cha mdogo na yule wa mlangoni anayeniita Nesi. Nikaanza kwa mizaha, kama kawaida yangu: "Mimi ni fundi kweli. Mmoja hanijui, mwingine hamjui mtu isipokuwa mimi." Nilikuwa nangoja acheke. Hakucheka. Alinivunjia kipande cha chapati yake.

"Mukwano wangu," akasema, "siku hizo za likizo hata ungezifungia kwenye kabati la dawa, zingekwisha tu. Huyo mdogo atamzoea bibi yake. Wewe shughulika na aliyesimama mlangoni. Akikuita Nesi, itika."