Nafasi Chini ya Mduara

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, sikuwa na mtu mwingine wa kutazamana naye isipokuwa kukhu, nyanya yangu, mama wa mama. Tuliishi wawili kwenye chumba kimoja cha mabati mtaani Kabiria, pembeni mwa jiji. Mama alikuwa ameenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba, na kukhu akaja kutoka kwao magharibi kunilea. Asubuhi aliloweka ncha ya leso yake kwenye maji ya moto, akanishika kidevu na kunifuta tongotongo. Jioni tulikula ugali kwenye sahani moja, yeye upande wake, mimi wangu.

Ndipo nilipouona mduara. Ulikuwa wa rangi ya samawati iliyochujuka, kama sare ya shule iliyofuliwa mara nyingi, na ulizunguka ukingo wa weusi wa jicho lake. Haukuwa umekamilika. Chini palibaki nafasi ndogo.

Nilimuuliza. Kukhu hakuwa mtu wa kuficha mambo.

"Hata wewe ulikuja na rangi hii," aliniambia. "Siku uliyozaliwa macho yako yalikuwa kama majivu. Mtoto huja na rangi ya kule alikotoka. Akikubali kukaa, inamtoka."

"Na wewe?"

"Mimi inanirudia."

Alisema vile akimenya kitunguu, bila huzuni yoyote, kisha akanituma chumvi.

Pengine ningesahau kama si Mama Shiru, jirani wa mlango wa tatu, aliyenikuta bombani nikingoja mtungi ujae.

"We Nekesa, shosho yako macho imekuwa blue, umeona?"

"Nimeona."

"Hiyo ring ikifunga, anaenda. Na usikule na yeye sahani moja. Wazee wa hivyo hawapendi kuenda peke yao."

Wanawake wengine wakacheka, lakini si kicheko cha utani. Tangu siku hiyo niliona mambo ambayo sikuwa nimeyaona. Watoto wa ploti, ile safu yetu ya vyumba vya kupanga, walinyamaza kukhu alipopita kwenda kuanika nguo. Mama mmoja alimtoa mtoto wake mgongoni akamleta mbele, akamfunika uso. Kukhu aliwasalimu wote, akajibiwa na wachache.

Mimi sikuogopa kwenda naye. Nataka hili lieleweke, kwa sababu sikuwahi kulieleza kwa aliyestahili kulisikia. Nilichoogopa ni yeye kwenda na mimi kubaki. Mama alikuwa sauti kwenye simu siku za Jumapili. Kukhu alikuwa mikono, alikuwa moshi wa jiko, alikuwa uzito upande wa pili wa kitanda.

Basi nikaanza kuupima mduara. Kila Jumamosi nilichora jicho lake nyuma ya daftari la hesabu na kuacha nafasi kama nilivyoiona. Wiki baada ya wiki, michoro ilifuatana kama mwezi unaojaa. Siku moja kukhu aliliokota lile daftari.

"Hii ni nini?"

"Hesabu."

Aliitazama michoro muda mrefu, akalirudisha mezani.

Mchoro wa tisa ulipobaki na nafasi ya upana wa punje ya mchele, niliacha kuchora. Nilifanya uamuzi ambao kwa akili ya miaka minane ulikuwa na mantiki kamili: mduara hauwezi kufunga kama hakuna anayeuona ukifunga. Nisipoutazama, utabaki wazi. Kukhu atabaki.

Niliacha kumtazama. Asubuhi nilifumba macho aliponifuta. Jioni nilichukua tonge langu nikaketi mlangoni, nikampa mgongo. Aliponiita niliitika nikitazama miguu yake, na hadi leo naijua miguu ile, ufa wa kisigino cha kushoto, kucha ya kidole kikubwa iliyopinda. Baada ya wiki mbili aliacha kuniita nirudi kwenye sahani. Alianza kuvuta leso yake ya kichwani chini hadi kwenye nyusi, hata tukiwa wawili tu ndani. Muhula mzima tuliishi hivyo, watu wawili kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, kila mmoja akiangalia sakafu.

Shule zilipofungwa Desemba, kukhu alisema anarudi nyumbani kidogo kuangalia shamba. Shangazi yangu, aliyeishi mtaa wa Satellite, angekaa nami kwake. Tulimsindikiza mjini, kwenye ofisi ya mabasi ya magharibi, katikati ya mizigo na magodoro yaliyofungwa kamba. Shangazi alienda kuulizia kiti. Kukhu akanishika kidevu kwa mkono ule ule wa asubuhi zote.

"Nekesa. Niangalie."

Nilifumba macho.

Alingoja. Nilisikia jina la mji wetu likiitwa, nikasikia mlango wa buti ya mizigo ukibamizwa.

"Sawa," alisema taratibu. "Pale kwa ploti wananiogopa. Sikujua ni hata wewe."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limejaa kinywani. Lakini niliona nikifungua mdomo nitafungua na macho, kwa hiyo nilitikisa kichwa tu, na sijui alielewa nini. Mkono ukatoka kidevuni. Kukhu hakurudi. Kabla ya mvua za masika shangazi aliniita jikoni, akazima redio, nikajua.

Kwa miaka mingi nilijifariji kwa jambo moja. Nilijiambia kwamba macho ya kukhu yalikuwa yakifa, kwamba mduara ule ulikuwa ukungu, na kwamba nyuma yake alimwona mtoto kwa mbali tu, bila kuona uso wake umefungwa vipi.

Mwaka huu mama, aliyerudi zamani na kuzeeka kidogo bila mimi kugundua, alianza kuvaa miwani myeusi ndani ya nyumba. Nilipomvua, niliuona mduara. Siku iliyofuata nilimpeleka kwa daktari wa macho huko Kilimani.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema rangi ya jicho lenyewe haijabadilika. Ni mafuta yanayojikusanya kwenye ukingo wa kile kioo cha mbele ya jicho, na kwa wazee ni kawaida kabisa. Kwa kuwa mama hajawa mzee sana, alitaka damu yake ipimwe mafuta. Nikamuuliza kuhusu watoto wachanga. Akasema ni kweli, wengi huzaliwa na macho ya kijivu kwa sababu rangi yao bado haijakolea, nayo huongezeka kadiri miezi inavyopita.

"Na mwenye mduara huo," nikauliza, "anaona vizuri?"

"Vizuri kabisa. Hauzuii chochote."

Mama alicheka kwa nafuu. Mimi nilitazama bango la herufi ukutani hadi zikachanganyika. Kukhu aliniona. Asubuhi zote zile, na mgongo wangu mlangoni, na pale kwenye mabasi, aliona kila kitu kama kilivyokuwa.

Jioni hiyo nilipika ugali, nikauweka kwenye sahani moja. Nilimweleza mama habari za daftari la hesabu. Alisikiliza bila kula. Nilipomaliza hakuniambia kwamba nilikuwa mtoto tu, na namshukuru kwa hilo.

"Nafasi ilibaki wapi?" aliuliza.

"Chini."

Akavua miwani, akaiweka kando ya mboga, akainama juu ya sahani hadi uso wake ukawa karibu na wangu.

"Angalia yangu."

Mduara wake ulikuwa umefunga. Niliutazama, kisha nikamtazama yeye, na hakuna aliyegusa chakula hadi kikapoa.