Simu Iliyougua Nyumbani Tu

Nilizima maikrofoni. Naanza na hilo mimi mwenyewe, maana dada yangu akilisimulia yeye anaongeza uongo juu yake, kana kwamba ukweli peke yake hautoshi kunifukuzisha nyumbani.

Ilikuwa hivi. Mama akiwa anaoga, niliiunganisha simu yake na kompyuta yangu ya shule kwa Bluetooth, kimyakimya. Tangu hapo kila aliyempigia mama akiwa nyumbani, sauti ilikimbilia chumbani kwangu. Mama anapokea, anaweka simu sikioni, kimya. Mimi niko kitandani na spika za masikioni, nawasikia watu wake vizuri kabisa. Na kwa kuwa maikrofoni ya kompyuta nilikuwa nimeizima kwenye mipangilio, anayepiga naye hasikii mtu. Basi wanaanza. "Alo? Alo! Yewe, uko hapo? ALO!" Wanawake wa kwaya ya mama wana mapafu, shahu. Mmoja aliimba kabisa, ajaribu kama wimbo utapita mahali maneno yamekwama. Nilicheka hadi nikang'ata mto.

Mama aliiadhibu simu. Aliipiga makofi mgongoni, akaigonga kwenye meza, akaing'oa laini na kuirudisha, akaitukana kwa Kiswahili cha Karagwe alikokulia, ambacho kwetu kinatumika kwa hasira na kwa mapenzi tu. Tukaipeleka kwa fundi hapa Kanombe, mimi nikimsindikiza na uso wa msiba. Kwa fundi ikaongea kama redio, kwa sababu kompyuta ilikuwa mbali. Tukirudi nyumbani, bubu.

"Hii simu ni kama wewe," mama akaniambia. "Kwa watu ina adabu, ikifika nyumbani ni shetani."

Nikasema amina.

Kitu nisichokijua ni kwamba dada naye alikuwa anapiga. Alipiga saa ambazo mimi niko shule na kompyuta nimeiacha imewaka kitandani. Mama alipokea akasikia kimya, dada akasikia kimya, na kila mmoja akakata na mawazo yake.

Dada ameolewa Busanza, na mtu anayesimamia ghala kule Masoro. Shemeji ni mtu wa kusalimia kwa mikono miwili. Akiingia kwetu anavua viatu kabla hujamwambia. Dada alikuwa ameshakimbia kwake mara mbili, na mara zote mbili shemeji alikuja na wazee wake na kreti ya bia kumwomba, kama desturi inavyotaka, akaongea ile sauti yake laini ya kusoma somo kanisani, na mama akamrudisha dada. "Niko zubakwa," alimwambia. Yaani, ndivyo nyumba zinavyojengwa. Dada alimwonyesha mkono ulivyovimba. Shemeji akasema aliteleza bafuni. Mama alimwamini mwenye sauti nzuri zaidi. Na mimi, niseme ukweli, nilikunywa soda ya shemeji.

Jumapili moja baada ya misa mama alikuwa uani anatwanga isombe, yale majani ya muhogo. Mimi sebuleni naangalia mpira kwenye kompyuta, uvivu umenishinda hata kwenda chumbani. Simu ya mama iko mezani. Ikaita. Na kompyuta nayo ikaita, jina la dada likajaa kwenye kioo chote.

Mama akaingia na mchi mkononi. Akaangalia simu. Akaangalia kompyuta. Akapokea simu yake, na dada akatokea kwenye kompyuta yangu, kwa sauti ya juu.

"Mama? Mama, nisikilize leo tu. Usininyamazie tena."

"Mwanangu! Sema, nakusikia!"

"Mama, najua umenikasirikia. Nitakuja kwa miguu. Unifungulie geti tu, sitaomba kitu kingine."

"Nakusikia, mwanangu!" Mama alikuwa anaipigia kelele simu. Dada hakusikia hata neno. Alikuwa analia kimya kimya, kama mtu anayelia chumba kimoja na mtu aliyelala.

Mama hakuniuliza kitu. Mama yangu anajua mwizi wa sukari kwa jinsi anavyomeza mate. Kofi lilinipata kati ya shavu na sikio, upande mmoja wa dunia ukazimika.

"Fungua sauti yangu!"

"Mama, ni utani, ngoja, iko kwenye mipangilio..."

"FUNGUA!"

La pili lilikuwa la mgongo wa mkono. Pete ilinichana mdomo. Nikainamia kompyuta huku damu inadondoka kwenye kibodi, nafungua mipangilio, sauti, vifaa, siyo hicho, rudi, vidole vinateleza. Nilibonyeza pasipo penyewe. Sauti ya dada ikazidi kupanda tu. Ndipo tukasikia mlango kule kwake ukigonga ukuta.

"Unampigia nani?"

Sikuitambua sauti. Nilidhani ni mwizi ameingia.

"Lete. Mama yako? Lete hapa." Kisha, palepale, pumzi moja tu katikati, ikaja ile ya kanisani, ya kumsalimia mama mkwe: "Mabukwe? Mwiriwe, mabukwe. Alo?"

Mama alikuwa amefungua mdomo. Akaufunga.

"Alo, mabukwe?" Kimya. Shemeji akacheka. "Unaona, mbwa wewe? Hata yeye hakutaki. Nani atakufungulia?"

Kisha akaanza. Spika ya kompyuta yangu ni ya bei ya chini. Ngumi zilisikika kama mtu anapiga godoro kutoa vumbi. Kila pigo lilikuwa na sauti ndogo nyuma yake, na hiyo ndogo alikuwa ni dada.

Nilikuwa nimekipata. Kile kitufe cha kuruhusu maikrofoni kilikuwa mbele yangu, bado kubonyeza tu. Mama akanishika kiganja, akakikaza hadi nikasikia mifupa.

"Acha."

"Mama, nimekipata! Ongea naye!"

"Akijua namsikia atavaa sauti ile nyingine."

Akasikiliza mapigo mengine mawili. Sitakaa nisahau uso wake. Kisha akageuka akatoka, simu akaiacha mezani, mchi akaubeba ukiwa bado na majani.

Barabarani tulikamata moto mbili, zile pikipiki za abiria. Dereva wa mama akampa kasike, ile kofia ngumu ya abiria, akaangalia mkono wake.

"Mama, hiyo iko nini?"

"Mchi. Endesha."

Kule Busanza geti halikufungwa. Shemeji alitoka mlangoni anafuta mikono kwenye taulo. Mama alikuwa bado na kasike kichwani, kioo kimeshuka, kwa hiyo shemeji alichelewa kumtambua. Alipomtambua, akatabasamu. Haki ya Mungu, alitabasamu, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mabukwe! Karibu sana. Mbona hukupiga simu?"

"Simu yangu mbovu," mama akasema, akampiga mchi wa goti.

Ulilia kama kuni. Shemeji alianguka kwenye goti zima, mama akamshushia wa bega. Alimpiga bila kelele, kwa mwendo uleule wa isombe, pumzi, pigo, pumzi, pigo. Shemeji akakamata kigoda akamtwanga nacho kichwani kwa nguvu zote. Kigoda kikapasuka. Kasike ikabaki. Mama akayumba, akasema "Ehee," kama mtu aliyeonjeshwa chumvi, akaendelea.

Mimi nilimrukia shemeji shingoni. Nilikuwa nimepanga kusema neno la kishujaa lakini kiwiko chake kilifika kwanza. Jino langu la mbele liliondoka na sijaliona hadi leo. Nilimng'ata kwa yaliyobaki. Ladha ya mtu siyo nzuri.

Waliotuachanisha ni wale madereva wa moto, waliokuwa wamekimbilia ndani wakidai kasike zao. Walimwona dada anatoka ukumbini kwa kutambaa, jicho moja limeziba, nywele zimeng'olewa upande mmoja mpaka ngozi. Hawakudai tena. Mmoja alimkalia shemeji kifuani. Mwingine akaenda kumwita mkuu wa mudugudu, kiongozi wa mtaa wao, na alipofika, shemeji akaanza kwa sauti ya kanisani kueleza kuwa mke wake aliteleza. Mkuu aliangalia nywele zilizokuwa kwenye vidole vyake, akamwambia anyamaze, mengine atayasema polisi.

Tulipotoka kituo cha afya tukarudi nyumbani sote watatu. Mkono wa mama ulikuwa umevimba hauwezi kushika kikombe. Dada alikaa kwenye kiti kilekile nilichokuwa naangalia mpira, akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniua:

"Nilikupigia sana, Mama. Ulikuwa unapokea unaninyamazia."

Mama akaniangalia. Basi nikasema yote: kuoga, Bluetooth, kwaya, fundi. Nilisema kwa mdomo usio na jino, maneno yanatoka na upepo, na kwa mara ya kwanza maishani hakuna aliyecheka na mimi sikutaka acheke. Dada alisikiliza hadi mwisho. Akavua kiatu, akanipiga nacho usoni, kwenye kidonda palepale. Kisha akaniegemea akalia, nami nikaacha anilowanishe shati.

Nilingoja zamu ya mama. Hakunipiga. Alikuwa anaangalia geti. Sote tulijua kesi au hakuna kesi, shemeji akipata upenyo atakuja na wazee wake kumwomba mkewe. Nikauliza, akija mimi niko peke yangu, nimwambieje?

Mama alisema: "Mwambie usiku asije. Aje Jumamosi ya umuganda, siku ya usafi, mtaa mzima uko nje na majembe."