Kiingereza cha Vichanjani

Darasa la nne sikulimaliza. Leo malori mawili yanayopita Bunda yakipiga honi ni yangu, na nyumba yangu Musoma ukiingia unavua viatu. Kiingereza ninachoongea nacho ni changu, sikukiazima kwa mtu. Nilikiokota kwa madereva wa Kenya, kwa Mganda aliyekuwaga ananunua sangara kwetu, na kwa redio. Palipopungua nilijaza mwenyewe.

Kilinilipa siku nilipokuwa karibu kuanguka. Nilikuwa nimeuza ng'ombe wote alioniachia baba Butiama, nikajenga vichanja vya kuanikia dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, upande wa Suguti. Wenzangu walikuwa wanaanika mchangani, kama baba zao. Walinicheka mpaka wakashika mbavu.

"Dagaa wako wanalala kitandani, mzee! Na shuka utawanunulia?"

Kibaya ni kwamba wanunuzi wa hapa walilipa bei ileile, dagaa wa kitandani na wa mchangani. Nisipompata mtu wa mbali anayejua kutofautisha, basi nirudi Butiama kuchunga ng'ombe wa watu.

Ndipo akaja mama mmoja wa Zambia, mwili mkubwa, sauti kubwa, na lori tupu. Alikuwa ametoka mwalo mwingine ambako walimwonjesha dagaa waliojaa mchanga, akagombana na dalali aliyekuwa anamtafsiria, akamwacha hukohuko. Hata hajashuka vizuri, wenzangu wakamvamia, kila mtu na kiganja cha dagaa.

"Madamu! Gudi praisi! Madamu, hia!"

Akafunga mlango. Dereva akaanza kugeuza.

Mimi nikaenda nikasimama mbele ya lori. Kwetu Mara mgeni habebeshwi bei akiwa bado na vumbi la njiani. Unamuuliza kwanza nyumbani, watoto, mifugo, mvua. Shida mtaikuta tu, haikimbii. Sasa na mimi nikafanya hivyohivyo, ila kwa Kiingereza.

"Mama, welkamu. Homu, hau? Childreni, hau? Kau, hau?"

Nyuma yangu wakaangua kicheko. "Anamuuliza ng'ombe! Kaka, huyo ni mteja, siyo mkweo!"

Yule mama akateremsha kioo. Akanitazama. Halafu akaanza kunijibu, na hakujibu kwa kifupi. Ng'ombe wamekufa kwa ukame, mvua hakuna, mtoto wa mwisho ameanza shule. Kiingereza chake kilivutwa kama wimbo wa mazishi, na katikati yake akaniita "tata", neno ambalo hata kwetu ndiyo baba. Nikajua hiki nacho hakikutoka kwa Wazungu. Kimezaliwa Zambia, kama changu kilivyozaliwa ziwani. Tulielewana kuliko ninavyowaelewa Wazungu wenyewe wa huko mbugani, maana wale maneno yao wanayameza.

Nilipompa pole ya ng'ombe, ndiyo akashuka. Nikamwambia, "Yu chuzi saki. Mi, yu, wi baiti. Yu hia stoni, ol izi yuwa, fri." Chagua gunia, tutafune wote wawili, ukisikia jiwe, mzigo wote chukua bure.

Wenzangu wote wakasogea karibu.

Hakuchukua gunia la juu, mama mjanja yule. Akaagiza la chini kabisa livutwe, akazamisha mkono mpaka kiwiko, akatoa konzi, nusu yake, nusu yangu. Akatafuna amefumba macho. Nami natafuna, nasikiliza meno yangu kama mwizi anavyosikiliza mbwa.

Akameza. Akafumbua macho.

"Hawa mmewaanika wapi?" akauliza kwa kile Kiingereza chake.

Nikamwonyesha vichanja. "Dei slip fo bedi."

Alicheka mpaka akaegemea lori.

Tangu hapo nimefanya biashara na Mnaijeria, na Mhindi, na Mmalawi, na kila mmoja ana Kiingereza cha kwao. Kuna watu wanasema tunaharibu. Tunaharibu nini? Ng'ombe wa kigeni ukimleta kwenye boma lako, ndama wake atakunywa maji yako, atajua mluzi wako. Nani atakuja kumdai? Hata Kiswahili, watu wa pwani wanatucheka tukisema "nilikuwaga", na nyumba tunajenga kwa hichohicho.

Basi, siku ile vijana walipakia magunia yangu yote, yamelipwa kwa bei ya dagaa wa kitandani, la mwisho likafungwa kwa kamba juu kabisa. Yule mama hakupanda lori. Alikuwa bado anatazama vichanja, ambako dagaa wa asubuhi walikuwa bado wabichi, wanang'aa.

"Na hao?" akaniuliza.

"Yuwa," nikasema, "if sani agri."

Akavuta ndoo ya samaki, akaigeuza, akakaa. "Nitalisubiri jua," akasema. Nikamletea uji.