Miche ya Migomba ya Shemeji

Shule niliishia darasa la sita. Mwalimu aliniambia nimpishe mwenye akili akae, nikampisha mpaka leo. Kwa hiyo tulipotafuta mtu wa kuongea na wale waliotaka kupima viwanja pale chini ya msitu wetu, hakuna aliyenitazama. Tulimchagua shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Kidato cha nne kamaliza, na koti analo. Mimi nilipewa kazi ya kuchekesha watu mkutanoni, mvua ikianza wasiondoke.

Msitu wenyewe upo tangu enzi za wazee. Huku kwetu Masukulu ni watu wa kanisa, lakini hata mzee wa kanisa haokoti kuni mle. Babu zetu wamelala mle, na kijito tunachokunywa kinatoka mle. Wenye viwanja wakasema msitu hawaugusi, watajenga pembeni tu, nyumba za kisasa.

Nikauliza, "Na hao wa kisasa, choo watachimba angani?"

Watu wakacheka. Ndipo shemeji akasimama, akaeleza taratibu kwamba barabara ya kufika kule haina pa kupita ila kwenye shamba lake. "Na mimi siuzi," akasema. "Labda wapite juu ya kaburi langu."

Makofi! Mimi nilipiga mpaka kofia ikaanguka kwenye tope.

Masika yalipoanza, akaja kwangu asubuhi.

"Shemeji, una nguvu leo?"

"Za kula au za kazi?"

"Za kubeba. Napeleka miche ya migomba Ibighi. Nyuma ya nyumba ya binti yangu kuna kaeneo kamekaa bure."

Tukaenda kwake, tukachimba. Yeye anaonyesha, mimi nazamisha jembe. Akaonyesha na mche wa ule mgomba wa mlangoni, aliouacha marehemu baba mkwe. Sasa, kwetu mtu hang'oi mche wa mlangoni kwa baba yake ila siku anahama. Mtoto wa darasa la pili anajua. Mimi wa darasa la sita nikaung'oa nikiimba wimbo wa kwaya. Nikapanda nyuma ya bodaboda nimeukumbatia kama bibi harusi, tope linanichuruzika shingoni.

"Unahamia wapi?" watu wananiuliza barabarani.

"Ulaya! Nani anatuma salamu?"

Kufika Ibighi nikakuta nyumba mpya, bati linang'aa, rangi bado inanukia. Nikasema, "Binti kajitahidi."

Shemeji alikuwa kainamia shimo. "Eeh," akasema. "Kajitahidi."

Wakati naondoka akanipa mche mmoja, chipukizi alilolikata kwenye ule wa mlangoni. "Kapande kwako. Dada yangu anazipenda hizi ndizi."

Haikupita wiki, katapila likaingia shambani kwake. Nilikimbia nikasimama mbele yake, mikono nimeitanua, gamboti mguu mmoja. "Zima! Mwenye shamba hajauza!"

Dereva akazima. Kijiji kizima kimejaa pale, na hakuna anayesogea kusimama na mimi. Mama mmoja jirani akasema, "Toka hapo, baba. Mwenye shamba si umemhamisha wewe mwenyewe? Tulikuona na mgomba wa mlangoni. Tukajua na wewe umo."

Nikashusha mikono, nikatoa simu.

Nilimpigia shemeji palepale. Akapokea.

"Shemeji," akasema, "nilishindwa kukuambia. Ungenichekesha, ningeghairi."

"Kwa hiyo ukanibebesha."

Akakata.

Siku hizi malori ya tofali yanapita hapo kwangu, na kijito kinakuja na rangi ya chai ya maziwa. Mkutanoni sialikwi, na nikipita kilabuni watu wanashusha sauti, mimi ambaye zamani walikuwa wananinunulia ili nianze kuongea. Ule mche nilikuwa nimeshaupanda. Nilitaka kuukata, mke wangu akashika panga. "Mgomba wa baba yangu hauna kosa," akasema.

Juzi umekomaa mkungu wake wa kwanza. Mke wangu akazipika ndizi kwa maharage, akapakua. Nikasema sina njaa. Akakaa na sahani yake, naye hagusi, anaangalia kule chini ya msitu ambako wanapaua nyumba. Zilikuwa zinanukia kweli. Nikavuta sahani yangu, nikala yote, nikaongezwa. Kila tonge ninalomeza namsikia kaka yake: ningeghairi, ningeghairi.