Ovaroli Nyeupe

Enzi za corona nilikuwa nikipeleka dawa za TB nyumba kwa nyumba pale mtaa wa mabanda wa Mashimoni, na ilikuwa lazima kila mgonjwa ameze vidonge nikimtazama. Siku moja wakubwa wetu, ambao hawajawahi kukanyaga huko, wakatugawia ovaroli nyeupe za kujikinga, za kufunika mpaka kichwa. Nikavaa yangu kama mjinga.

Mgonjwa wangu alikuwa fundi wa mjengo kutoka Kitui. Majirani waliponiona mlangoni kwake, wakaamua ana corona na nimekuja kupeleka wapangaji wa ploti nzima karantini. Jiwe la kwanza lilinipata mgongoni. Wakamburuta fundi nje, wakampiga mateke ya mbavu, godoro lake wakalitupa mtaroni. Nikang'oa barakoa ili wanione uso. Mama mmoja ambaye mtoto wake nilimtibu akanitambua.

"Kumbe ni wewe," akasema, kisha akanizaba kofi.

Walipochoka wakaondoka. Fundi akatambaa kwenye matope, akaokota vidonge vyake vilivyoniponyoka, akavipangusa kwa shati. Akavimeza bila maji, damu ikimtoka mdomoni.

"Umeona?" akaniuliza. "Basi andika nimemeza."